Fowili ni ya kuingilia tope, si ya kutokea

MVUA za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na sehemu nyingine hadi Mei. Katika miezi hiyo hiyo malori hupanda milimani kufuata viazi vya Umalila na Uporoto mkoani Mbeya, na mbao za Mufindi na Kilolo mkoani Iringa.

Kwa mwenye mzigo, safari inayomnyima usingizi si ile ndefu ya kwenda Dar es Salaam. Ni zile kilomita chache za udongo kati ya shamba na lami. Lori likizama hapo siku mbili, viazi vilivyofunikwa turubai hupata joto na unyevu, vilivyochubuka huanza kuoza na kuviambukiza vya jirani, na mnunuzi aliyekuwa akisubiri Mabibo au Temeke Stereo huchukua vya mtu mwingine.

Malori mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa kazi za jeshi, misitu na ujenzi yana dawa ya tatizo hilo. Yana gia ya kuyafanya magurudumu ya mbele nayo yavute, ambayo madereva huiita fowili. Ajabu ni kwamba malori hayo hayo hukwama, na mara nyingine huvunjika vyuma yakiwa hapo hapo kwenye tope.

Sababu kubwa ni wakati wa kuitumia. Dereva huingia kwenye tope kwa magurudumu ya nyuma tu, gari likianza kuzama hukanyaga mafuta, na magurudumu yakiwa yanazunguka bure ndipo anapokumbuka fowili. Kwa wakati huo amechelewa, na anachokifanya kinaweza kumgharimu kuliko tope lenyewe.

Lami ilivyosahaulisha tope

Nyanda hizi zinalijua tope tangu zamani. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 11, 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kawaida ya kupata mafuta. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo, na waliopita humo wakati wa masika waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu.

Lami ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ujenzi wa reli ya TAZARA ukakamilika mwaka 1975. Tope halikwisha, bali lilihamia kwenye njia za pembeni: zile zinazopanda Umalila kutoka Mbalizi, zinazoingia mashambani Uporoto, na zinazokata ndani ya misitu ya Mufindi, ambako lipo shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini.

Dereva wa leo anaweza kuendesha kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam bila kugusa fowili hata mara moja. Siku anapokodiwa kuingia kijijini Januari, anaingia na lori lenye uwezo mkubwa akiwa hana mazoea nalo.

Inavyofanya kazi

Katika lori la kawaida, nguvu ya injini hupita kwenye klachi, kisha giaboksi, kisha propela hadi difu ya nyuma. Lori lenye fowili lina sanduku jingine la gia baada ya giaboksi, ambalo mafundi huliita transfa. Humo hutoka propela mbili, moja ya nyuma na moja ya mbele.

Dereva anapovuta mkono wa fowili, au kubonyeza swichi inayopeleka upepo katika malori yanayotumia upepo, meno ndani ya transfa hukamatana. Kuanzia hapo propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka kwa kasi moja. Malori mengi ya zamani hayana difu ya katikati inayoruhusu tofauti yoyote kati ya mbele na nyuma.

Mwenye lori aanze kwa kujua alicho nacho. Gari la 4x2 au 6x4 halivuti kwa mbele kabisa, hata kama lina ekseli mbili za nyuma zenye nguvu. Linalovuta kwa mbele ni 4x4 au 6x6. Namba ya kwanza huhesabu vituo vya magurudumu vyote, ya pili huhesabu vinavyovuta.

Loki ya difu nayo ni kitu kingine. Fowili hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja. Loki ya difu hufunga gurudumu la kulia na la kushoto katika ekseli moja. Loki hutumika gari likiwa limenyooka tu, kwa umbali mfupi, na hutolewa mara gari likipita sehemu mbaya.

Hesabu ya kona

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fowili isiachwe ndani muda wote. Jibu lipo kwenye hesabu ndogo.

Chukua lori lenye mita 4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Likikata kona ya robo duara ambayo ekseli yake ya nyuma iko mita 10 kutoka katikati ya duara, ekseli hiyo husafiri karibu mita 15.7. Ya mbele hupita nje zaidi, na husafiri karibu mita 16.9. Katika kona hiyo moja magurudumu ya mbele yanatakiwa kutangulia kwa zaidi ya mita moja, lakini fowili inayakatalia.

Kwenye tope hakuna shida, kwa kuwa matairi huteleza kidogo na tofauti hiyo kuishia ardhini. Kwenye lami kavu matairi hayatelezi kirahisi. Tofauti hugeuka kuwa mkazo ndani ya propela, krosi, difu na meno ya transfa, mithili ya kamba inayozidi kusokotwa. Usukani huwa mzito, matairi hulia, na chuma dhaifu kuliko vyote ndicho kinachokatika.

Matairi yasiyolingana huleta mkazo huo hata barabara ikiwa imenyooka. Tairi la 11.00-20 husogea karibu mita 3.4 kwa mzunguko mmoja, na huzunguka karibu mara 300 kwa kilomita. Yale ya nyuma yakiwa yamelika kiasi kwamba ekseli imeshuka sentimeta 1 kuliko ya mbele, kila mzunguko hupungua zaidi ya sentimeta 6. Katika kilomita moja tofauti inafika karibu mita 18. Kwa hiyo anayeweka matairi mapya mbele na vipara nyuma asitegemee fowili idumu.

Hatua za kuingiza

Kanuni ya kwanza ni kusimama kabla ya tope, mahali palipo tambarare na pagumu. Dereva ashuke, atembee sehemu yote mbaya, achomeke mti kuona kina, na aamue njia ya kupita. Dakika tano za kutembea ni rahisi kuliko siku nzima ya kuchimba.

Pili, usukani uwe umenyooka. Magurudumu yakiwa yamekatwa, meno hukamatana yakiwa tayari na mkazo.

Tatu, akanyage klachi na kuingiza fowili. Mkono ukigoma, usilazimishwe wala kupigwa teke. Meno yamekutana ncha kwa ncha tu. Aweke gia namba moja, aachie klachi taratibu gari lisogee nusu mita likiwa limenyooka, kisha ajaribu tena.

Yapo malori ambayo watengenezaji wake wanaruhusu fowili iingizwe gari likitembea polepole na likiwa limenyooka. Maelekezo hayo mara nyingi yalibandikwa kwenye kibao cha chuma ndani ya kebini au kuandikwa katika kitabu cha gari. Kibao kikiwa kimeng'oka na kitabu kimepotea, salama ni kusimama.

Nne, kwa malori yanayotumia upepo, mshale wa geji uwe umefika kiwango cha kawaida kwanza. Upepo ukiwa mdogo, meno yanaweza kushikana nusu na kuruka mzigo unapokuja. Baada ya kubonyeza swichi, gari lisogezwe kidogo ili meno yaingie barabara.

Tano ni gia nzito ya transfa, ile ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Hii huingizwa gari likiwa limesimama kabisa, na baada ya fowili. Malori mengi ya zamani yana kizuizi kinachozuia gia nzito isiingie kabla ya fowili, na kizuizi hicho kina maana. Gia nzito inaweza kuzidisha nguvu ya kuzungusha hadi mara mbili. Nguvu hiyo yote ikipelekwa nyuma peke yake, shafti za magurudumu ya nyuma zinaweza kukatika. Fundi anayekiondoa kizuizi ili mkono uwe mwepesi anamtengenezea mwenye gari hasara.

Baada ya hapo dereva achague gia moja ya kumvusha mwanzo hadi mwisho, aingie kwa mwendo mdogo usiobadilika, na aondoe mguu kwenye klachi.

La mwisho ndilo linalovunjwa kuliko yote: fowili isiingizwe kamwe wakati magurudumu ya nyuma yanazunguka bure. Wakati huo propela ya nyuma inakwenda kasi na ya mbele imesimama. Kuzikutanisha ghafla ni sawa na kupiga meno ya transfa kwa nyundo. Meno yanaweza kumeguka, krosi kukatika, na kasha lenyewe kupasuka na kumwaga oili.

Hatari ya mlimani

Kuharibika kwa chuma ni hasara ya fedha. Kuna kosa jingine linaloweza kuchukua roho za watu, nalo ni kubadilisha transfa gari likiwa kwenye mteremko.

Transfa nyingi zenye gia mbili zina nafasi ya katikati, isiyo na gia. Mkono ukiwa hapo, injini na giaboksi vimeachana kabisa na magurudumu. Dereva anaweza kuwa ameweka gia namba moja akidhani gari limeshikwa, kumbe gia hiyo haishiki kitu. Lori lenye tani kadhaa za viazi likianza kurudi nyuma, linabaki na breki peke yake, na kwenye utelezi breki pia ina kikomo.

Breki ya mkono nayo ina siri yake. Katika baadhi ya malori ya zamani haishiki magurudumu, bali hushika propela inayotoka kwenye transfa. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huruhusu gurudumu hilo kuzunguka, na breki hiyo haizuii gari tena. Aliye chini ya gari hapati muda wa kukimbia.

Kwa hiyo transfa ibadilishwe kwenye tambarare. Ikilazimu mlimani, utingo aweke kwanza vigogo vya kuzuia matairi upande wa chini, akiwa amesimama ubavuni mwa gari na si nyuma yake. Vigogo viondolewe pale tu gari limeshikwa na gia na breki. Kazi hiyo isifanywe na mtoto wa kijiji aliyekuja kutazama.

Aidha, fowili haiongezi uwezo wa matairi kushika ardhi. Husaidia gari kuvuta, na kwenye mteremko wa udongo hugawa breki ya injini kwa ekseli zote. Utelezi unabaki ule ule. Anayeshuka kwa kasi kwa kuwa ana fowili amekosea hesabu.

Likishakwama

Lori likizama licha ya yote, dereva aondoe mguu kwenye mafuta mara tu magurudumu yanapozunguka bila gari kusogea. Kila mzunguko wa bure unachimba shimo, na difu ikishakaa kwenye udongo hakuna gia itakayolitoa gari.

Kama fowili ilikuwa ndani, jaribio la kwanza liwe kurudi nyuma kwa njia ile ile lililoingilia, kwa kuwa pale pamekwisha shindiliwa. Kama haikuwa ndani, magurudumu yasimame kabisa kwanza, usukani unyooshwe, ndipo iingizwe. Kisha koleo lifanye kazi: tope litolewe mbele ya matairi yote na chini ya difu, mawe au mbao ziwekwe, na mzigo upunguzwe ikibidi.

Lori jingine likija kuvuta, watu wote wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo au waya. Waya ukikatika chini ya mzigo hurudi kwa nguvu ya kuua. Ufungwe kwenye chesi au ndoana ya kuvutia, kamwe si kwenye ekseli wala bampa.

Itoke kabla ya lami

Kosa la kusahau fowili ndani huonekana kilomita nyingi baadaye. Lori linalotoka milima ya Kilolo hukutana na barabara kuu Ipogolo, na likielekea Dar es Salaam lina Kitonga mbele yake, mlima wenye kona kali na bonde ubavuni. Huko si mahali pa kuwa na usukani mzito unaogoma kukata kona.

Utaratibu ni kusimama kwenye udongo mgumu kabla ya kupanda lami, kutoa gia nzito kwanza, kisha fowili. Mkono ukikataa kutoka, ni dalili kwamba mkazo umebaki ndani. Gari lirudishwe nyuma mita chache likiwa limenyooka, au matairi ya upande mmoja yapitishwe kwenye udongo laini, kisha mkono ujaribiwe tena. Nyundo haihitajiki.

Ukaguzi wa gereji

Mkono wa fowili kuingia si ushahidi kwamba fowili inafanya kazi. Taa ya dashibodi inaweza kuwa imekufa, meno yanaweza kuwa yamelika, na kuna malori ambayo propela ya mbele ilishaondolewa kwa kukosa spea, mkono ukabaki pambo.

Kuna kipimo rahisi. Gari liwe tambarare, injini imezimwa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa vigogo, transfa ikiwa kwenye gia. Gurudumu moja la mbele liinuliwe kwa jeki, na uzito uegemee stendi imara. Fowili ikiwa nje, gurudumu hilo lizunguke kwa mkono. Fowili ikiwa ndani, ligome. Likiendelea kuzunguka, mbele hakuna kitu. Kwa lori la upepo, tangi liwe limejaa kabla ya kuzima injini. Lenye loki za habu, zifungwe kwanza.

Transfa ina oili yake, tofauti na ya giaboksi, na difu ya mbele ina yake. Zote hukaguliwa, hasa baada ya kuvuka mto. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na inatakiwa kumwagwa yote. Fowili isiyotumika mwaka mzima hushika kutu kwenye viungo vya mkono, hivyo ni vema kuiingiza mara kwa mara kwenye barabara ya udongo kwa mita mia chache.

Mwenye mzigo naye ana la kufanya

Mfanyabiashara anayekodi lori wakati wa masika aulize kabla ya kutoa malipo ya awali: lori lina fowili, na lini ilitumika mara ya mwisho? Wakubaliane pia nani analipa likikwama, na nani anabeba hasara ya mzigo ukioza. Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari.

Kupunguza mzigo nako ni biashara. Lumbesa haivunji sheria ya vipimo tu, inazamisha matairi pia. Wakulima wenye mashamba ya ndani wanaweza kugawa safari: lori dogo lenye fowili nzima lishushe mzigo kidogo kidogo hadi lami, na lori kubwa la barabara kuu lisubiri hapo. Gharama ya kupakia mara mbili ilinganishwe na ya siku mbili kwenye tope, pamoja na viazi vilivyooza.

Vibao vya kuzuia magari mazito kwenye barabara za vijijini wakati wa mvua viheshimiwe. Lori moja linalopita kwa nguvu ya fowili linaweza kuacha mitaro inayowafungia wote waliobaki nyuma. Mara nyingi shida ya kijiji kizima ni sehemu mbili au tatu tu zinazojulikana na kila mtu. Msaragambo wa siku moja Oktoba, wa kuzibua mifereji na kujaza mawe, husaidia kuliko minyororo kumi Februari.

Lakini siku lori litakapofika kwenye tope, uamuzi utabaki kwa mtu mmoja aliyeshika usukani. Akisimama mita 20 kabla na kuingiza fowili gari likiwa limetulia, huenda mzigo ukalala sokoni usiku huo. Akingoja mpaka azame, atakuwa anatafuta koleo.